Bwawa la Margareth Linatoa Moshi

Sumbawanga,
26 Mei 2024

Mwanangu Abel,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kitwe, kazi ya umeme mgodini inakwenda na kifua hakikusumbui tena. Sisi huku hatujambo, isipokuwa magoti yangu, ambayo baridi ya mwaka huu imeyaamulia, na jogoo, ambaye ameacha kuwika tangu Jumatatu. Jogoo haachi kuwika bure.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua kama enzi za marehemu baba yako wakati ulininunulia simu. Simu yako ndani ya nyumba haishiki mtandao. Inashika pale ukingoni mwa bwawa tu, na pale ndipo mkeo anaposhinda. Nitayasemaje mambo yake mbele yake? Barua nimempa dereva wa lori, ataiacha Kasesya mpakani kwa Timoth, mtoto wa mama yako mdogo, naye atatafuta wa kuivusha. Bahasha nimeibandika kwa ugali. Ukikuta imefunguliwa, ni Timoth.

Sasa sikiliza. Lile shimo mlilochimba udongo wa matofali ya nyumba, Margareth alipolisakafia na kusema atafundisha watoto kuogelea, mimi nilinyamaza. Nikasema ni mtu wa Kipili huyu, watu wa ziwani wakikaa bila maji wanaugua. Watoto wakaja, wa watu wa ofisini na wa wenye maduka, mpaka masista wakaleta wale wanaowalea. Sawa. Lakini baridi imeingia, na humu Ufipa nani anamtumbukiza mtoto kwenye maji wakati huu? Basi amejengewa jiko la matofali ndani ya kibanda nyuma ya bafu, juu yake pipa, na mabomba ya kupeleka maji bwawani na kuyarudisha. Jioni analifunika bwawa kwa turubai jeusi kama anafunika maiti. Asubuhi akilifunua, moshi unatoka kwenye maji na kupanda mpaka juu ya bati. Moshi, Abel, kwenye maji! Watu wanasimama barabarani kutazama. Unajua jinsi wanavyolieleza jina la mji wetu, kwamba huku uchawi hutupwa mlangoni. Wanatuangalia kama sisi ndio tulioukataa ushauri huo.

Na kuna mwanamume. Anaitwa Sayi, Msukuma, fundi wa kuchomelea. Alfajiri, kabla sijamaliza rozari, yumo kwenye kibanda cha pipa na mkeo. Wanasema wanaangalia mabomba. Bomba gani hilo linaloangaliwa kila alfajiri?

Sijasema kitu. Nauliza tu.

Mama yako,
Rosina


Kitwe,
8 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Milele amina. Barua imefika, na ugali wako ulikuwa haujabanduka, Timoth hana hatia. Mimi mzima, kifua kimetulia. Nimesikitika kwa magoti yako. Yapake mafuta ya moto na usitoke nje mapema.

Kuhusu uliyoyaandika, mama, sikushangaa. Mtu akikaa mbali na nyumba yake hujua yatakayotokea. Naomba uendelee kuangalia, na kila unachokiona uniandikie wazi, na siku yake. Usimwambie mtu kwa sasa, hasa Margareth. Mimi nikiongea naye kwenye simu ananiambia habari za watoto wanaojifunza kupiga miguu na jinsi vumbi la mbao linavyowaka vizuri kuliko kuni. Namsikiliza tu.

Halafu hilo bwawa, lina uzio? Mtoto mdogo anayeanza kutembea hawezi kutumbukia? Nauliza kwa usalama tu.

Nisalimie jirani zetu.

Mwanao,
Abel


Sumbawanga,
20 Juni 2024

Mwanangu Abel,

Tumsifu Yesu Kristo. Hali yangu ni ya kujikongoja, nashukuru Mungu. Jogoo tumemla. Alikuwa hana ugonjwa wowote, nyama yake nzuri kabisa, kwa hiyo sababu ya kunyamaza kwake bado siijui.

Nimefanya kama ulivyosema. Nakaa kwenye kigoda changu upande wa jua, nachambua maharage, na macho yangu hayachambui maharage. Mkeo anaamka, anamimina vumbi la mbao na magunzi jikoni, magunzi yangu, sikuombwa. Anachochea. Baadaye anakuja bwawani, anakunja mkono wa sweta, anachovya kiwiko kama anayepima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Akiona hayajawa sawa anarudi kuchochea. Wakati mwingine anacheka peke yake. Sipendi mtu anayecheka na kiwiko chake.

Lakini hilo ni dogo. Juzi alikwenda sokoni, nikaingia kwenye kibanda cha pipa. Mle ndani kuna joto, mwanangu, magoti yangu yaliniambia yanataka kuhamia humo. Nyuma ya mlango nikakuta magunia yamefunikwa majani ya mgomba. Nikainua jani. Ulezi! Umeloweshwa, na umeanza kuota.

Wewe umekulia hapa, huhitaji kufundishwa. Kwenye nyumba zetu mwanamke haloweki ulezi wa pombe bila kumwambia mama mwenye nyumba. Kimea ni habari ya watu wote: ni ubatizo, ni mahari, ni mavuno, ni mgeni mkubwa. Anayeotesha kimea kwa siri ana ugeni wa siri. Sasa huyo mkeo, aliye na mume Zambia, anamkaribisha nani? Na kwa nini siku hiyo hiyo nimkute Sayi anatoka humo kibandani na misumari mdomoni?

Moyo unaniuma. Nilimpokea kama mwanangu ingawa ni mtu wa samaki.

Mama yako,
Rosina


Kitwe,
2 Julai 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini baridi imepungua. Mimi sijambo kabisa.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Nimefurahi sana jinsi ulivyoyaeleza, yaani hata mtu asiyefika hapo angeona kila kitu. Hilo la kimea ndilo lenyewe. Hapo hana pa kutokea.

Sasa fanya hivi. Nenda kwa Mzee Ignasi, mjumbe, umlete ayaone hayo magunia kwa macho yake, maana neno la mama mkwe peke yake watu watalipuuza, watasema ni chuki za nyumbani. Mjumbe akishaona, mwambie Margareth afungashe arudi kwao Kipili. Wazazi wake nao waambiwe kwamba yeye ndiye aliyevunja, sio mimi. Hilo ni muhimu sana, mama, kwao na kwa padri pia. Usimpe nafasi ya kujieleza, ana maneno mengi.

Mwanao akupendaye,
Abel


Sumbawanga,
14 Julai 2024

Mwanangu Abel,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuandikia nikiwa mzima na nikiwa na aibu, na hiyo ya pili ndiyo inanisumbua zaidi.

Nilikwenda kwa mjumbe kama ulivyoagiza. Mzee Ignasi alikuwa ameenda Mollo kuangalia mahindi yake, nikamkuta mkewe, Adela, yule mwenyekiti wa jumuiya yetu. Nikasema ngoja nimwambie huyu. Sikufika hata nusu. Adela akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi chini.

"Mama Abel," akasema, "ulezi ule nimemuuzia mimi. Mimi ndiye ninayemfundisha."

Kumbe Margareth alimfuata tangu Pasaka. Akamwambia, mume wangu ameniahidi kwenye simu kwamba atakuja sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, na mimi kwetu ziwani hatujui pombe ya ulezi, nataka nimpikie mwenyewe, mama mkwe asijue mpaka ionjwe. Akasema siku zote naogopa jicho la mama mkwe, safari hii nataka lione ninachoweza. Adela akamwelekeza. Lakini baridi hii ulezi hauoti, unalala tu kwenye gunia kama mlevi. Margareth akafikiri kuhusu joto la bwawa. Akaupeleka kibandani akauegemeza kwenye pipa lenyewe, na gunia la kwanza likaiva! Ulezi ulioiva hauoti, unachacha. Ndio maana nilisikia harufu wiki ile nikasema wamekufa panya. Basi Sayi akaitwa kupigilia rafu mbali kidogo na pipa, ndio hiyo misumari mdomoni. Na alfajiri anakuja kwa sababu bomba la kurudisha maji linavuja kwenye kiungo, na haliwezi kuchomelewa likiwa la moto. Yote haya Adela alinieleza huku akifuta machozi ya kicheko.

Nilirudi nyumbani. Margareth alikuwa ndani ya maji, amemshika kidevuni mtoto mmoja wa wale wa masista, anamwambia usiogope, maji yatakubeba. Nikavua viatu, nikakaa ukingoni, nikatumbukiza miguu. Maji vuguvugu, Abel. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano magoti yangu yalinyamaza. Akaniangalia, akashangaa, akaendelea kumshika mtoto.

Kwa hiyo yote niliyokuandikia yafute. Njoo Kupalizwa. Mkeo anakusubiri, na pombe haijui kusubiri.

Mama yako,
Rosina


Kitwe,
26 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Pole na magoti.

Nimeipata barua yako na imenisikitisha. Umelainika mapema mno. Huyo Adela ni rafiki yake, angesema nini? Kimea ni kimea, kinaweza kuwa cha yeyote. Mimi sikumbuki kuahidi Kupalizwa. Huenda nilisema tutaona, yeye akajipikia ahadi.

Mama, nilikuamini kwa sababu macho yako hayadanganywi. Uliona alfajiri, uliona kibanda, uliona mwanamume. Hayo hayakufutika kwa kicheko cha jirani. Naomba umalizie ulichoanza, aondoke kabla ya sikukuu. Na watoto wa watu warudishwe kwao, bwawa tutaona la kulifanyia.

Sitaki kulirudia jambo hili.

Mwanao,
Abel


Sumbawanga,
4 Agosti 2024

Mwanangu Abel,

Tumsifu Yesu Kristo. Hatujambo.

Nimefanya kama ulivyotaka. Margareth hayupo. Aliondoka na begi moja, akapanda gari la Kipili. Jiko la bwawa ni la baridi. Wazazi wa watoto nimewaambia shule imefungwa.

Nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja. Sasa niambie unachotaka nikifanye.

Mama yako,
Rosina


Kitwe,
15 Agosti 2024

Mama yangu mpendwa sana,

Shikamoo, shikamoo tena! Sijui nikushukuru vipi. Barua yako imenikuta asubuhi hii, nimeisoma nimesimama getini na mwili wote ukawa mwepesi. Nilijua hutaniangusha.

Sasa mama, kwa kuwa njia imekuwa nyeupe, nikuambie jambo ambalo nilishindwa kulisema mapema. Usikasirike, ni jambo la heri. Huku nina mtu, anaitwa Mary, ni mpole na anasali kanisa letu. Tumejaliwa mtoto wa kiume. Ameshaanza kutembea, mkorofi ajabu, na jina nimempa Teodori, jina la baba. Ukimwona utalia, paji la uso ni la mzee mtupu.

Tutakuja mwezi wa kumi. Naomba utuandalie kile chumba cha upande wa jua, na vitu vya Margareth vilivyobaki vitolewe, Mary asivikute. Bwawa tulifukie kabla hatujafika, Teodori hawezi kuona maji akatulia. Pale tutapanda migomba. Kwa padri nitakwenda mwenyewe na barua zako, zinaeleza kila kitu.

Mama, nina furaha. Nilikuwa naishi kama mwizi.

Mwanao akupendaye,
Abel


Sumbawanga,
1 Septemba 2024

Abel,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima. Margareth naye mzima, yupo hapa, na hakuwahi kwenda popote.

Nilikudanganya. Tangu nizaliwe nimeshuku kila kitu kinachotembea, na baba yako alikuwa akinicheka kwamba nitashuku hata malaika akija bila barua ya utambulisho. Lakini kwa mwanangu sikuwahi kuligeuza jicho hili. Nililigeuza siku niliyopata barua yako ya mwisho wa mwezi wa saba. Nikawaza: mwanamume anaambiwa mkewe ni msafi, kumbe anampikia pombe ya kumpokea, halafu anakasirika? Nikazitoa barua zako zote. Nilipokuambia ana mwanamume, hukuuliza hata neno moja juu yake. Nilipokuambia kuhusu kimea, ukasema umefurahi. Na tangu mwanzo uliniuliza kama mtoto mdogo anaweza kutumbukia bwawani. Nyumba hii haina mtoto mdogo. Nikasema hapana, Rosina, usimhukumu mwanao kwa kuwaza, umeshamhukumu mmoja mwaka huu ukakosea. Mjaribu kwanza.

Basi nikakuandikia kwamba ameondoka. Na nikamtumaini Mungu kwa jambo moja, kwamba utapiga simu. Ulikuwa mtego dhaifu sana, Abel, hata wewe ukiufikiri utaona. Ungepiga kumuuliza Margareth uko wapi, umefikaje, mama amekutendea nini, angepokea mwenyewe hapo ukingoni mwa bwawa, na uongo wangu ungefia hapo hapo. Niliuombea ufe. Kila simu yake ilipolia nilisimamisha mikono kwenye maharage. Walikuwa wazazi wa watoto tu, wanauliza kama maji ni ya moto.

Sikukuu ilipita. Siku uliyomwahidi utakuwa nyumbani ndiyo siku uliyokaa ukaandika ile barua ya migomba. Margareth alivaa kitenge kipya, akasema huenda gari limeharibika njiani. Pombe Adela aliwagawia wanakwaya. Walisifu.

Barua yako ilipofika nilimpa aisome mwenyewe. Nilitaka kwanza kumwambia kwa maneno yangu, nikaona maneno yangu yameshafanya kazi ya kutosha kwenye nyumba hii. Nikamwambia pia niliyokuandikia mimi kuhusu yeye na Sayi. Akaingia chumbani akafunga mlango, nikamsikia analia, siku nzima, na hakunifungulia hata nilipopeleka uji. Alikuwa na haki.

Lakini kesho yake ilikuwa Jumamosi, na watoto wakaja na taulo zao. Nani awarudishe? Nikawasha jiko mimi. Vumbi la mbao lilinitoa machozi mpaka nikalipatia. Nikachovya kiwiko. Yalipokuwa sawa nikawaambia waingie kwenye kina kifupi, washike ukingo, wapige miguu. Mimi sijui kuogelea, kama unavyojua, nikianguka kwenye beseni nakufa. Nilisimama juu na fimbo yangu nikawapigia kelele. Pigeni! Pigeni! Wewe wa mwisho, unamdanganya nani, miguu hiyo imelala! Nadhani kelele ndizo zilizomtoa. Alikuja macho yamevimba, akaniondolea fimbo, akasema, "Mama, hawafundishwi hivyo." Akaingia majini. Hilo tu. Hajanisamehe, na sijamwomba anisamehe upesi.

Sasa yasikie haya. Kiwanja hiki baba yako aliniachia mimi, na karatasi zake ziko kwangu. Chumba cha upande wa jua kina mtu. Bwawa halifukiwi. Nimekwenda na Margareth kwa padri kabla yako, nikamwambia kwa kinywa changu kwamba niliyoyaandika yalikuwa ya uongo na kwamba wewe ulijua unachokitafuta. Ukitaka kumwonyesha barua zangu, nenda nazo.

Mary simjui na sina neno naye. Huenda naye ameambiwa huna mke. Mtoto sitamkana. Hana kosa, na kama kweli ana paji la uso la Teodori wangu, basi nitalia kama ulivyosema, ila si kwa furaha peke yake. Mlete nimwone. Wewe utafikia kwa Timoth, huko Kasesya. Siku ya kuja hapa usiingie kama mwenye nyumba. Simama nje ya geti, upige hodi.

Mimi sitaitika. Nitakuwa nimekaa kwenye kigoda, na nitakuwa nimeisikia sauti yako, na Mungu anajua itakavyokuwa vigumu. Nimemwambia Margareth kwamba ni yeye atakayesema karibu, au atakayenyamaza. Akinyamaza, utarudi ulikotoka, na mimi nitakaa hapa na mwanangu.

Mama yake Margareth,
Rosina